Warufiji na kura ya mwaka 1965

Agosti 6, 1965, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini sheria ya haki ya kupiga kura. Kwa miongo mingi makarani wa majimbo ya kusini walikuwa wakiwatahini watu weusi kusoma na kufasiri vifungu vya katiba, kisha wakiwarudisha nyumbani bila kuwaandikisha. Mwezi uliofuata, wakulima wa Rufiji, nchini Tanzania, walipiga kura bila kuulizwa kama wanajua kusoma.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ili apige kura Mtanganyika alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Mtu anayelima mlau maji ya Mto Rufiji yakishakupwa, au anayekata boriti za mikoko huko deltani, angezitoa wapi pauni 150? Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU, chama kilichodai uhuru, ilikaribia kupasuka mkutanoni Tabora, Januari 1958, ikibishana kama ishiriki uchaguzi wa namna hiyo. Kiongozi wake, Julius Nyerere, aliwashawishi wanachama washiriki, nami naamini alikuwa sahihi: masharti yalilegezwa uchaguzi wa 1960, na kufikia 1962 kila mtu mzima alikuwa na kura yake.

Wanawake waliingia katika madai ya uhuru kwa maelfu, na aliyewaingiza ni Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam. Alipojiunga na TANU mwaka 1955 hakuanzia kwa wasomi. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, ambako wanawake tayari walikuwa na viongozi wao na michango yao. Baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake, na waziri mdogo; tena alikuwa mbunge wa Rufiji.

Septemba 1965 kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma amtambue wake. Warufiji wakamwangusha Bibi Titi. Mwanza nako akaanguka waziri Paul Bomani. Inaniuma kwa ajili ya mama yule, lakini siioni kura iliyo sawa zaidi ya hiyo: mkulima asiye na cheti amemwondoa shujaa wa uhuru, na matokeo yakaheshimiwa.

Kura peke yake haikutosha. Tanganyika ilipata uhuru bila hati ya haki katika katiba, na tangu 1962 sheria iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Bibi Titi mwenyewe alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akasamehewa 1972. Hati ya haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia 1988.

Miaka kumi haikupita tangu mahakama zipate uwezo huo, serikali ikaidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, kwenye mikoko na mashamba ya mpunga. Wanavijiji wakafungua kesi Mahakama Kuu. Mabwawa yale ya kamba hayakuchimbwa.