Tarehe ya Lord Kitchener, Manju wa Trinidad

Muziki wa kalipso asili yake ni Trinidad, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Venezuela. Wahispania ndio waliokitawala kwanza, na mwaka 1783 mfalme wao aliwafungulia mlango walowezi Wakatoliki wa mataifa mengine. Wafaransa wakamiminika pamoja na watumwa wao wa Kiafrika. Mwaka 1797 Waingereza wakakiteka. Basi kisiwa kikawa na gavana Mwingereza, mabwana shamba Wafaransa na ngoma za Waafrika. Utumwa ulipokomeshwa kabisa mwaka 1838, watu walioachwa huru waliingia barabarani siku za kanivali, wakaifanya sikukuu yao. Kila kundi la wacheza fimbo lilikuwa na manju wake. Kazi yake ilikuwa kuwatia wenzake moyo na kuwafedhehi wapinzani, na aliimba kwa Krioli yenye asili ya Kifaransa, ambayo watawala hawakuielewa.

Serikali haikufurahi. Mwaka 1881 polisi wa Port of Spain walijaribu kuzima maandamano ya mienge ya usiku wa kanivali, wananchi wakapigana nao. Miaka mitatu baadaye ngoma zikapigwa marufuku. Watu wakakata mianzi mirefu na mifupi, wakawa wanaigonga chini kupata midundo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930, vijana wa mitaa ya makabwela walikuwa wamehamia vyuma: makopo ya biskuti, mifuniko ya mapipa ya taka, na baadaye mapipa ya mafuta, ambayo waliyaponda na kuyafinyanga mpaka kila pahali pakatoa sauti yake. Hiyo ndiyo steelpan.

Manju nao walikuwa wameshatoka barabarani na kuingia kwenye mahema ya kiingilio, ambayo kila msimu wa kanivali yalifunguliwa ili nyimbo mpya zisikike. Lugha ilikuwa imegeuka Kiingereza, na kila mtunzi alijipa jina la vita: Roaring Lion, Attila the Hun, Growling Tiger, Lord Invader. Mwaka 1934 Lion na Attila walivuka bahari kwenda New York kurekodi sahani. Uimbaji ukawa kazi yenye wakubwa wake, na kijana hakuingia bila kupokewa.

Aldwyn Roberts alizaliwa Arima, mashariki ya Port of Spain, tarehe 18 Aprili 1922. Baba yake alikuwa mhunzi. Mtoto alikuwa na kigugumizi, na baba ndiye aliyemhimiza aimbe na kumfundisha gitaa. Alipokuwa na miaka 14 baba akafariki, na shule ikaishia hapo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapigia gitaa vibarua waliolaza mabomba ya maji, ili mikono isilegee. Kati ya 1938 na 1942 alishinda mara tano mashindano ya kalipso ya mji wao, kisha akaenda kutafuta makubwa Port of Spain.

Mji ulikuwa katika Vita Vikuu vya Pili. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wamejenga kambi kisiwani, fedha ilikuwa nyingi, na mahema yalijaa ingawa kanivali ya barabarani ilikuwa imesimamishwa. Growling Tiger akampa kijana wa Arima jina la Lord Kitchener, la jemadari wa Kiingereza ambaye Unguja nayo ilimjua: mwaka 1885 alikuwamo katika tume ya mataifa iliyokuja kupima mipaka ya milki ya Sayyid Barghash. Kwa jina hilo la mkubwa wa dola, mtoto wa mhunzi akaanza kutamba, na pamoja na vijana wenzake wakajitenga na wazee, wakaliita kundi lao Young Brigade.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mapipa ya chuma yalifurika barabarani kushangilia. Waungwana wa mji walisikia kelele za wahuni, na kweli bendi hizo zilipigana kwa mawe na chupa. Kitchener alisikia muziki. Alikuwa miongoni mwa watunzi wa mwanzo kuyasifu mapipa katika kalipso, wakati kuyasifu hakukumpatia mtu heshima. Hilo ndilo la kushika katika tarehe yake, maana mengi yaliyofuata yalitoka hapo.

Mwaka 1948, baada ya kuimba Jamaika kwa miezi kadhaa, alipanda meli ya Empire Windrush pale Kingston pamoja na waimbaji Lord Beginner na Lord Woodbine. Meli ilifika Tilbury, Uingereza, mwezi Juni, na mbele ya kamera ya habari za sinema Kitchener akaimba bila ala wimbo wa kuisifu London, mji ambao alikuwa hajauona bado. Akishauzoea, alitunga kuhusu mambo mengine: baridi, mama mwenye nyumba mkorofi, treni za chini ya ardhi, rangi ya ngozi. Wahamiaji waliyaona maisha yao katika sahani zake.

Tarehe 29 Juni 1950, kwenye uwanja wa Lord's wa London, timu ya West Indies iliifunga Uingereza kwa mikimbio 326. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa kriketi ya Test katika ardhi ya Uingereza. Kitchener alishika gitaa akawaongoza mashabiki kuuzunguka uwanja, kisha wakaandamana hadi Piccadilly katikati ya mji. Mwaka 1956 alirekodi wimbo wa kuisubiri Ghana huru, na bendera ilipopandishwa Accra tarehe 6 Machi 1957 wimbo huo ulikuwa tayari. Mwaka huohuo wa 1956 sahani ya Harry Belafonte iitwayo Calypso iliuzika Marekani kupita kiasi. Huyu ndiye Belafonte ambaye baadaye aliimba Malaika pamoja na Miriam Makeba. Lakini Belafonte alizaliwa New York na hakupitia mahema. Watu wa Trinidad hawakumhesabu katika safu yao.

Nyumbani safu hiyo ilikuwa imepata bwana mpya. Mwaka 1956 Mighty Sparrow, kijana aliyezaliwa Grenada, alishinda taji la mfalme wa kalipso kwa wimbo kuhusu wanawake walioachwa na askari wa Marekani. Trinidad na Tobago ikapata uhuru tarehe 31 Agosti 1962, na Kitchener akarudi baada ya miaka zaidi ya 14. Wengi walidhani wakati wake umepita.

Kanivali ya 1963 iliwajibu. Kisiwani kuna taji liitwalo Road March, la wimbo unaopigwa zaidi barabarani kanivali ikiwa mitaani. Majaji hawapimi maneno wala sauti ya mwimbaji. Bendi ndizo zinazochagua, na siku hizo bendi nyingi zilikuwa za steelpan. Aliyetungia mapipa alikuwa na kura mkononi. Kitchener alilitwaa mwaka huo, akalitwaa tena na tena hadi 1976, mara kumi kwa jumla. Sparrow alikuwa bingwa wa jukwaani, Kitchener bingwa wa barabarani, na ushindani wao uliwanoa wote wawili. Taji la mfalme wa jukwaani Kitchener alilipata mara moja tu, mwaka 1975, kwa wimbo wa kumsifu Spree Simon, mmoja wa waasisi wa steelpan. Pia aliongoza hema la Calypso Revue, lililolea waimbaji kama Black Stalin.

Kisha malori yenye spika kubwa yakayanyamazisha mapipa barabarani. Steelpan ikapata ngome yake katika mashindano ya Panorama, yaliyoanza 1963, na Kitchener akaifuata huko. Katika Panorama mpangaji wa muziki huuchukua wimbo mfupi akaurefusha na kuugeuza kwa wapigaji wengi, kwa hiyo anahitaji wimbo wenye nafasi ya kupanuka. Kitchener alijua kumwachia nafasi hiyo. Bendi ya Renegades, chini ya mpangaji Jit Samaroo, ilishinda 1982, 1984, 1985 na 1990, kila mara kwa wimbo wa Kitchener. Wakati huo vijana walikuwa wamehamia soca, mtindo mpya uliotokana na kalipso. Naye Kitchener alikuwa amewaonyesha mwaka 1978, kwa Sugar Bum Bum, kwamba anaiweza.

Lord Kitchener alifariki tarehe 11 Februari 2000, akiwa na miaka 77, wiki chache kabla ya kanivali. Mwanawe Kernal Roberts akaendeleza kazi ya muziki, akitunga na kutengeneza soca. Steelpan, ambayo waungwana waliiona uhuni, ilitangazwa ala ya taifa mwaka 1992. Sparrow alimzidi kwa mataji ya jukwaani, na hilo halina ubishi. Lakini kwa walioitungia steelpan, hakuna aliyemfikia Kitchener.