Kujitawala kwa Niaba ya Mkoloni

Tunapozungumzia ukoloni, humtafuta mgeni: gavana, askari, mfanyabiashara aliyeshuka melini. Lakini upo ukoloni usiomhitaji mgeni, ambao jamii hujitwisha yenyewe baada ya bendera ya mtawala kushushwa. Historia ya lugha ya kufundishia nchini Tanzania ni mfano mmojawapo.

Mwaka 1967 serikali iliamua kwamba elimu ya msingi itolewe kwa Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza hatua iliyofuata kimantiki: shule za sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, kisha vyuo vikuu vifuate. Waliopendekeza walikuwa Watanzania. Waliokataa walikuwa Watanzania vilevile. Hapakuwa na manowari ya Uingereza bandarini Dar es Salaam.

Mwaka 1984 utafiti wa Criper na Dodd ulionesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuielewa vya kutosha lugha waliyofundishiwa. Badala ya kubadili lugha, tulipokea mradi wa Uingereza wa kuiimarisha.

Hoja ya watetezi wa Kiingereza haikuwa ya kipuuzi. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliamini kwamba taifa linahitaji lugha ya kuwasiliana na dunia. Lakini kujifunza Kiingereza ni jambo moja. Kujifunza fizikia kwa Kiingereza usichokielewa ni jambo jingine. Kosa letu ni kuyachanganya mambo haya mawili, kisha kumwita mjinga mtoto aliyekariri asichokielewa.

Hata hivyo, tuseme "jamii imejitawala kikoloni" kwa tahadhari, kwani si wote wanaobeba mzigo sawa. Anayeamua ni yule aliyekwisha kuvuka mto. Mwanawe husoma shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea. Anayezama ni mtoto wa mkulima, anayebadilishiwa lugha siku anapoingia kidato cha kwanza. Mkoloni alipoondoka, daraja lake halikuvunjwa. Lilibadilisha mlinzi tu.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Sekondari ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Safari hii hatuna gavana wa kumlaumu. Tuna sisi wenyewe, na uamuzi ambao kila kizazi kinaurithisha kwa kingine bila kuuliza nani ananufaika nao.