Akiba Inayooza: Orodha za mashamba na orodha za kompyuta, Kitale na Bungoma

Nambari ya shamba la Bungoma huandikwa hivi: East Bukusu, mkwaju, South Kanduyi, mkwaju, kisha tarakimu za kipande chenyewe. Kitale mjini utakuta Kitale Municipality Block 15, mkwaju, Koitogos, mkwaju, tarakimu. Eneo kubwa limebeba sehemu, sehemu imebeba kipande. Kijana anayefanya kazi ya kompyuta haishangai anwani hiyo, maana ndivyo faili inavyotajwa ndani ya mashine: saraka, ndani yake saraka ndogo, ndani ya hiyo faili, na mikwaju ikizitenga.

Kufanana huko kumenivutia kwa miaka, na kadiri ninavyokuchunguza ndivyo ninavyoamini kwamba historia hizi mbili ni moja. Orodha ya asili iko mbali. Wanaoiulizia ni wengi. Kila mmoja angependa kuwa na nakala yake karibu ili asifunge safari kila mara. Basi nakala hiyo iaminiwe hadi lini?

Kitale ilianza na orodha ya mbali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi mashamba makubwa ya Trans Nzoia, wengi wao wakiwa askari waliotoka vitani. Hati zao ziliandikishwa chini ya sheria ya usajili wa hatimiliki ambayo madaftari yake yalikaa katika miji miwili tu: Mombasa kwa ardhi ya pwani, Nairobi kwa bara. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, mahindi yakapata njia ya kutoka, lakini daftari lilibaki Nairobi, karibu kilomita 400.

Hata hivyo mpango ule ulikuwa na akili ndani yake. Mwenye shamba alipewa nakala moja ya hati, na hakuna uuzaji wala rehani iliyoandikishwa mpaka nakala hiyo irudishwe masijalani ikaandikwe mabadiliko yale yale. Nakala haikuweza kutofautiana na asili kwa sababu zilikuwa zikibadilishwa pamoja. Kwa mashamba machache yenye wenyewe wachache, hilo liliwezekana.

Bungoma ilipitia njia nyingine. Ardhi yake ilikuwa ya wenyeji, na usajili wa mtu mmojammoja ulikuja na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, kisha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963. Sheria hiyo iliweka masijala katika kila wilaya ya usajili. Kadi ya kijani ya shamba la Kanduyi, yaani rekodi yake ya masijalani, ikawa inakaa Bungoma, si Nairobi, na mzee aliyetaka kujua shamba limeandikwa jina la nani alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli, akalipa, akafanyiwa sachi. Kwa maoni yangu, kuisogeza orodha karibu na mwenye swali ni moja kati ya mambo ya maana zaidi yaliyowahi kufanyiwa mkulima wa Magharibi.

Baada ya Uhuru, Kitale ikapata tatizo ambalo Bungoma haikulijua kwa kiwango hicho. Makundi ya watu yalichanga pesa, yakaunda vyama na kampuni, yakanunua mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Hati mama ikawa moja, huko Nairobi. Kampuni ikawa na daftari lake la wanachama na ekari zao. Watu wakajenga, wakalima, wakazikana humo, huku wengi wao wakishika karatasi ya hisa tu. Orodha zikawa mbili, na hakuna iliyokuwa na wajibu wa kuiarifu nyingine. Mwanachama alipouza sehemu yake, daftari la kampuni lilibadilika na la Nairobi likabaki vilevile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kitale ilifundisha kwamba hata mali yenye madaftari mawili yaweza kupotea, na habari zikawa nyingi mno.

Sasa twende kwenye mashine.

Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Sun Microsystems ya California ilitoa mfumo wa faili wa mtandao uitwao NFS. Wazo lilikuwa kwamba faili zikae kwenye seva moja, na kompyuta za wafanyakazi zizifungue kana kwamba ziko ndani yake zenyewe. Seva hiyo iliundwa isiwe na kumbukumbu ya wateja, yaani kompyuta zinazoiuliza. Ilijibu swali, ikamsahau muulizaji, na ikizimika na kuwaka tena hakuna kilichoharibika. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa seva, ila mzigo wote wa kujua kama nakala ni mpya au imechakaa ulimwangukia mteja.

Kufungua folda ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Katika toleo la pili la NFS, mteja aliomba kwanza majina yaliyomo, halafu kwa kila jina akauliza tena: ukubwa wake, tarehe yake, mwenyewe nani? Folda ya faili 1,000 ilizaa maswali zaidi ya 1,000, moja baada ya jingine. Ndani ya jengo moja hilo halikuumiza. Lakini hadi mwaka 2009, kabla nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM hazijafika Mombasa, Kenya iliifikia dunia hasa kwa setilaiti, na ishara inayopanda kilomita karibu 36,000 kisha ikashuka, swali na jibu, hula zaidi ya nusu sekunde. Piga hesabu: dakika zaidi ya 8 ili kuona orodha tu, kabla hujafungua faili hata moja. Toleo la tatu, lililochapishwa Juni 1995, liliruhusu majina na maelezo yake yaje kwa pamoja katika jibu moja. Ni kama karani kukuletea kadi zote za sehemu nzima badala ya kurudi kabatini kwa kila nambari.

Hata hivyo orodha ndefu haiji kwa mkupuo. Huja vipande vipande, na kila kipande huwa na alama ya kusema tumeishia hapa. Mtu akiongeza au kufuta faili katikati ya usomaji, alama ile yaweza kuelekeza pasipo. Fikiria karani anayesoma daftari kidole kikiwa kwenye mstari, na mwenzake akachomoa ukurasa wa nyuma. Toleo la tatu likaongeza muhuri wa kuthibitisha kwamba saraka bado ni ile alama ilikotoka. Ukikataliwa, unaanza upya. Inachosha, lakini ni afadhali kuliko kuruka jina la mtu.

Njia ya kupunguza safari ni kuweka orodha karibu baada ya kuisoma mara moja. Wahandisi huita hifadhi hiyo kache, nami naona neno akiba linatosha. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya namna hii huoza, na huoza kimyakimya. Mteja wa NFS alitumia saa: nikishaisoma saraka, nitaiamini kwa muda fulani bila kuuliza. Kwenye Linux hadi leo, usipobadilisha mpangilio, muda huo ni kati ya sekunde 30 na 60 kwa saraka. Mwenzako wa Bungoma akihifadhi faili mpya kwenye seva ya Nairobi, wewe wa Kitale waweza kufungua folda ile ile usiione. Hata jina lisilokuwepo huhifadhiwa: ukiulizia faili ukaambiwa haipo, kompyuta yako hukumbuka kwamba haipo, na huendelea kusema hivyo kwa muda hata baada ya kuwekwa.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Pittsburgh, kikishirikiana na IBM, kilipita njia tofauti kwa mfumo wake wa faili uitwao Andrew. Katika toleo la kwanza, kila mara mteja alipofungua nakala yake aliuliza seva kama bado ni halali. Wakahesabu maombi, wakatoa matokeo mwaka 1988, na hesabu yenyewe ni ya kushtua. Katika kila maombi 100, karibu 62 yalikuwa ya kuuliza uhalali wa nakala na karibu 27 ya kuuliza hali ya faili. Ya kuchukua faili yenyewe yalikuwa 4. Seva ilikuwa ikichoka kwa kujibu kwamba hakuna kilichobadilika. Ndipo wakageuza mambo: seva itakumbuka nani ana nakala ya nini, zikiwemo nakala za saraka, na kitu kikibadilika itawaarifu. Mteja hana haja ya kuuliza tena. Ameahidiwa.

Ahadi nayo ina gharama. Mteja akipotea hewani, seva itamsubiri hadi lini? Mwaka 1989, Gray na Cheriton wa Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza ahadi iwe na muda: ikiisha, imeisha, hata kama mwenye nakala hapatikani. Neno walilolichagua walilikopa kwenye ardhi: ukodishaji.

Hapo ndipo niliporudi kwenye sheria ya 1963 nikaisoma upya. Ilikuwa na kifungu cha namna hii hii. Aliyekusudia kununua shamba, akiwa na idhini ya maandishi ya mwenyewe, aliweza kuomba sachi rasmi akieleza shughuli anayotaka kufanya, na usajili wa hati nyingine yoyote juu ya shamba hilo ukasimamishwa kwa siku 14. Kwa siku hizo, karatasi aliyoshika mnunuzi ilikuwa na ahadi ya masijala nyuma yake. Zikipita, inabaki picha ya siku ilipotolewa. Miaka 26 kabla ya Stanford, karani wa Bungoma alikuwa na chombo hicho mezani.

NFS yenyewe ilichelewa. Toleo la 4.1 la Januari 2010 ndilo lililoruhusu seva kumkabidhi mteja saraka nzima kwa ahadi ya kumwita likitokea badiliko, na Linux ilikaa zaidi ya miaka 10 bila kutekeleza sehemu hiyo. Wengi wameendelea kuitegemea saa.

Kuna waliofikiri faiba itamaliza habari hii. Imepunguza makali, kweli. Kutoka Nairobi hadi Kitale swali na jibu huchukua milisekunde chache. Zidisha kwa maelfu ya majina na wafanyakazi wa ofisi nzima, foleni inarudi. Na orodha za ardhi nazo zimeanza kuingia humo: Nairobi ilipata masijala ya ardhi ya mtandaoni, Ardhisasa, Aprili 2021. Orodha inaposogea kutoka kabatini hadi kwenye seva, swali la nani anaarifiwa na lini husogea nayo.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wanaofunga seva katika ofisi za Kitale na Bungoma. Kabla ya kuomba laini kubwa zaidi, hesabuni maswali, kama walivyofanya Pittsburgh, muone mangapi ni ya kuuliza tu kama kuna kilichobadilika. Na wewe msomaji unayenunua shamba msimu huu, tazama tarehe iliyo kwenye cheti cha sachi kabla ya kutoa pesa. Kama ni ya mwezi uliopita, rudi dirishani ukafanye nyingine.