Uzi: Nani alisema kijana wa gereji hajasoma?

Haya, uzi wa leo. Kila msimu wa siasa ukifika kuna sentensi moja lazima isemwe jukwaani, na haina chama: "Vijana wetu hawana ujuzi, sisi tutawaletea ufundi." Watu wanapiga makofi, muziki unapandishwa. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimelelewa Utange, mtaa ambao ukitembea dakika kumi hukosi kupita gari limeinuliwa kwa jeki na miguu ya mtu imetokeza chini yake. Kwa hiyo hiyo sentensi hunikera kidogo. Tuiangalie kihistoria kwa kutumia kazi moja tu: fundi wa magari. Anapatikanaje, na ni nani huamua kwamba sasa amekuwa fundi?

Wakati wa mkoloni jibu lilikuwa rahisi na baya. Katika karakana nyingi msimamizi alikuwa Mzungu, fundi alikuwa Mhindi, Mwafrika alikuwa wa kushika na kubeba. Serikali ilifungua chuo cha ufundi cha Waafrika kule Kabete katikati ya miaka ya 1920, lakini Kabete ni mbali na Mombasa, na nafasi zenyewe zilikuwa chache.

Huku kwetu habari kubwa ilikuja mwaka 1948, ilipoanzishwa taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, MIOME, pale Tudor. Waliochangia pesa ni pamoja na Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na mfuko wa maendeleo wa makoloni. Mtu atauliza: Sultani wa Zanzibar na chuo cha Mombasa wapi na wapi? Kumbukeni ukanda wa mwambao ulihesabiwa kuwa wake mpaka 1963. (Mambo ya mwambao yanataka uzi wake, leo siyagusi.) Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951, mahali pa watu kama mia moja hivi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Afrika Mashariki nzima, watu mia, wa dini moja. Kijana wa Kimijikenda wa Kisauni ambaye si Mwislamu hakuwa hata kwenye mlango. Baada ya uhuru mlango ukafunguliwa kwa wote: mwaka 1966 jina likawa Mombasa Technical Institute, 1972 likawa Mombasa Polytechnic.

Je, wale ambao hawakuingia Tudor walijifunza wapi? Msomi Kenneth King aliandika kitabu mwaka 1977 kuhusu mafundi Waafrika wa Kenya, na picha anayoitoa wazee wengi wa gereji wataitambua. Mtu aliajiriwa kwenye karakana ya Mhindi kama msaidizi. Hakufundishwa, alitazama. Miaka ikipita mikono yake ikawa inajua kazi kuliko kitabu chake cha ajira kinavyosema. Mwaka 1967 zikapita sheria za uhamiaji na leseni za biashara, Wahindi wengi wakaondoka, na yule msaidizi akajikuta nje na spana zake. Akatafuta mwembe, akaanza. Ukisikia watu wanasema "jua kali" ujue halikuwa jina la mradi wa serikali. Ni maelezo ya hali ya hewa.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya. Watafiti walisema jambo ambalo wakubwa hawakulitarajia: hawa watu wa vibanda wanafanya kazi, tena wanazalisha, na tatizo lao mojawapo ni kusumbuliwa na serikali yenyewe. Hiyo ni ripoti ya zaidi ya miaka hamsini iliyopita, jamani.

Upande wa vijijini, Baraza la Makanisa lilikuwa limetoa ripoti mwaka 1966 iliyouliza swali moja: baada ya shule, nini? Humo ndimo zilimotoka polytechnic za vijiji, za watoto waliomaliza msingi bila nafasi ya sekondari. Halafu 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na masomo ya mikono ndani yake. Wazo lilikuwa zuri. Karakana na vifaa ndivyo havikufika shule nyingi, na mtoto akaishia kuchora patasi daftarini.

Sasa tuje kwenye gereji yenyewe, maana hapa ndipo mjadala huwa hewani. Binamu yangu aliingia gereji hapa Utange baada ya darasa la nane, akawa spana boi. Mtaala haujaandikwa popote lakini upo, na una mpangilio. Kwanza unaosha vipuri kwa petroli na kushika tochi. Halafu unajifunza spana kwa namba: fundi yuko chini ya gari ananyoosha mkono, anasema "kumi na nne", ukimpa kumi na mbili utaisikia mbele ya wateja. Halafu kufungua magurudumu na kubadilisha breki. Halafu klachi. Injini huigusi mpaka mzee akuamini, na mzee hakuamini kwa sababu umemaliza muhula, anakuamini kwa sababu gari tatu ulizofunga hazijarudi. Malipo ni hela ya chai. Mkongwe anakula nauli yake na muda wake kumfunza mtoto wa mtu, na akishaiva anahama kwenda kufungua yake mbele kidogo. Huo ni mfumo wa elimu. Una walimu, una mitihani, una hata wanaofukuzwa.

Baada ya miaka tisa binamu aliomba kazi kwenye kampuni moja ya mjini yenye malori. Wakampa lori bovu alijaribu. Akalipata tatizo. Wakamwomba cheti, hana, mazungumzo yakaisha hapo. Hakuna aliyesema hajui kazi.

Hapa ndipo sentensi ya jukwaani inapoanguka. Swali la kwetu halikuwa ujuzi upo au haupo. Ni nani ana mamlaka ya kuutambua, na nani analipia kuutoa.

Kutambua kwanza. Mtihani wa serikali wa Grade Three, Two na One upo, unasimamiwa na NITA, na hauhitaji cheti cha sekondari. Binamu alifanya Grade Three baadaye, akapita. Zaidi ya hapo, miaka ya karibuni umeletwa utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Mgombea akija kwako na ahadi ya "kuleta ufundi", muulize kuhusu huo: ni wangapi wa wadi hii atawapeleka wakapimwe, na ada atalipa nani.

Kulipa sasa. Waajiri wanatakiwa kutoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo viwandani, na kampuni inayopeleka watu wake kozi inaweza kurudishiwa gharama kutoka mfuko huo. Mwenye gereji ya Utange ambaye hajasajiliwa hamo kwenye hesabu hiyo kabisa. Hatozwi, sawa, lakini pia yeye aliyefunza vijana kumi na tano maishani hajawahi kuonekana kama mkufunzi hata na karatasi moja ya serikali.

Na hili la ugatuzi mlishike, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganywa kirahisi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema polytechnic za vijiji ni kazi ya kaunti. Vyuo vya juu vya ufundi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mbunge akikuahidi kufufua polytechnic ya kijiji anakuahidi kazi ya gavana, na gavana akijisifu kwa chuo cha kitaifa anajisifu kwa kazi ya wenyewe. Wanajua. Wanategemea sisi hatujui.

Ile taasisi ya Tudor nayo ilipanda ngazi: 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, 2013 ikawa Technical University of Mombasa. Nafurahi kwa jiji kuwa na chuo kikuu cha umma. Lakini kila chuo cha ufundi kikipanda kuwa chuo kikuu, kuna ngazi ya chini inabaki wazi, na mwaka huohuo wa 2013 ndipo ilipopita sheria mpya ya mafunzo ya ufundi, kana kwamba tunajenga upya tulichokipandisha.

Wengine mtasema mimi natetea gereji kwa mahaba ya mtaani. Hapana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo kinachoshuka bandarini leo ni Japani ya miaka saba iliyopita, na hiyo Japani imejaa haibridi. Toyota Aqua ina betri ya volti zaidi ya 140 na nyaya nene za rangi ya chungwa. Huwezi kujifunza hizo kwa kutazama. Mzee wa kabureta naye hakufunzwa hizo, kwa hiyo hana cha kumpa kijana, na kijana akikosea hapati aibu mbele ya mteja, anakufa. Hapo darasa linahitajika, tena haraka, na linahitajika kwa mtu ambaye tayari ni fundi na hawezi kuacha kazi miaka miwili akae chuoni. Kozi za jioni, kozi za wiki mbili, hizo sijazisikia jukwaani hata mara moja.

La mwisho ni ardhi. Barabara ya Mombasa kwenda Mtwapa ilipoanza kupanuliwa, vibanda na gereji za kando viliondolewa. Kwenye mjadala iliongelewa kama habari ya wachuuzi na msongamano. Kila gereji iliyoondoka ilikuwa na vijana wawili watatu katikati ya masomo. Walio Bamburi, Shanzu na Utange mnaojua zile gereji zilihamia wapi, na wale vijana walimalizia kwa nani, andikeni hapa chini.