Picha za Zamani Zilivyotufunza Historia Yetu

Ndugu wanachama na wapenzi wa kikundi chetu, hesabu za hisa na mikopo ya miaka hii kumi mmekwisha kuzisoma katika kurasa za mbele. Sisi tuliopewa kazi ya historia tuliambiwa tukusanye picha za zamani za akina mama wa hapa kwetu Ngamiani, Tanga. Tulidhani ni kazi ya wiki mbili. Lo! Ilitumaliza karibu mwaka mzima.

Picha zilitoka masandukuni, chini ya magodoro na ndani ya mikebe ya biskuti. Nyingine zilikwisha kuliwa na mende pembeni. Nyuma hazina maandishi, ila mhuri wa studio uliofifia. Basi tarehe tukazitafuta kwenye nguo. Bibi mmoja wa Barabara ya Kumi akiiona kanga tu, anakutajia jina lake na wakati ilipoingia dukani. "Hii ya Uhuru, 1961. Hii tuliipangia foleni baada ya vita vya Kagera." Vita hivyo vilikwisha 1979, na foleni za miaka ile si mchezo, kila mwenye umri wetu anazikumbuka.

Picha ya kwanza iliyotukusanya ni ya shambani. Akina mama wanaanika singa za mkonge, wamejifunga vilemba, na nyuma yao pana jengo la korona, yaani mashine ya kusaga mkonge, si yale maradhi. Mkonge uliletwa nchini 1893, mwaka ule ule ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Tanga, na kufika 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka. Hayo tuliyasoma shuleni. Ambayo hatukuyasoma ni ya wazee wetu walioletwa kutoka mbali kama manamba, wakafanya kazi kwa kipande cha siku thelathini. Siku usiyomaliza kazi yako haihesabiwi. Mwanachama wetu mmoja aliitazama picha ile akasema, "Kumbe mama alikuwa mwembamba hivi!" Akanyamaza. Sote tulinyamaza naye.

Picha ya pili ni ya ngoma ya lelemama. Wamama wamepanga safu mbili, sare moja, kanga moja. Vijana walicheka, wakafikiri ni mambo ya starehe tu. Bibi yetu akawakatiza: "Nyie, hizo sare mnadhani zilinunuliwa na nani? Tulichangishana." Akatueleza jinsi mshika fedha wao alivyotunga senti zenye tundu kwenye uzi, kila uzi na hesabu yake, na aliyefiwa akapelekewa uzi mzima. Fedha zile zilikuwa za Afrika Mashariki, kabla Benki Kuu ya Tanzania haijaanza kutoa shilingi yetu mwaka 1966. Tukakumbuka pia kwamba Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba huko Dar es Salaam, kabla ya kuwaongoza akina mama wa TANU kuanzia 1955. Kwa hiyo anayesema kwamba kikundi cha akina mama ni jambo la kuletewa na wafadhili, aonyeshwe picha hii. Sisi tumebadilisha uzi kwa daftari na sanduku la kufuli tatu, lakini kazi ni ile ile.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Mama mmoja alituazima picha pekee aliyobaki nayo ya marehemu mama yake. Tuliichukua tukaitoe nakala mjini, na kati ya kwenda na kurudi ikapotea. Tulitafuta kila mahali, wapi! Tulipokwenda kumwambia, hakugomba. Alisema tu, "Ingekuwa fedha mngenilipa." Maneno yale yalituuma kuliko matusi. Kikundi kinachojisifu kwamba shilingi haijawahi kupotea mkononi mwake, kimepoteza kitu kisichonunulika.

Tangu siku ile tuliweka sharti: picha haitoki nyumbani kwa mwenyewe. Tunakwenda sisi, tunaipiga kwa simu mbele yake, tunaandika katika daftari majina na maelezo anayoyatoa, naye anatia sahihi au dole gumba. Miezi kadhaa baadaye tulimpelekea mama yule nakala ya ile picha ya lelemama aitazame. Aliikazia macho muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye safu ya nyuma, juu ya mwanamke aliyezibwa nusu uso na bega la mwenzake. "Ndiye," akasema. Haikuwa badala ya ile iliyopotea, naye hakusema kwamba imetosha. Lakini aliipokea, na leo imetundikwa ukumbini kwake.

Jamani, wanaoweza kutuambia nani ni nani katika picha hizi wanapungua. Wawili kati ya waliotusimulia wamekwisha kutangulia mbele ya haki kabla kijitabu hiki hakijachapwa. Mwenye picha asione haya kwa kuwa imechanika. Atuite, tutakuja. Na wewe kijana, kabla hujatutafuta sisi, kaa na bibi yako leo jioni, fungua sanduku, uliza majina. Haba na haba hujaza kibaba. Na kumbukumbu nayo huwekwa akiba.