Njia ya Panya

Katika familia yetu kuna msemo ambao wageni hawauelewi. Mtu akidhulumiwa, kisha akaambiwa kosa ni lake, bibi husema, "Huyo kalipishwa gunia." Gunia lenyewe lilikuwa la mchele. Babu alikuwa baharia wa jahazi lililofanya safari kati ya Tanga, Pemba na Unguja, na siku moja walipofika bandarini walikuta panya wametoboa magunia kadhaa. Mwenye mali akapima upungufu na kuukata katika mgao wa mabaharia. Bibi anasema babu aliisahau ile pesa, lakini hakulisahau swali aliloulizwa mbele ya watu: "Kwani mlikuwa mmelala?"

Nilipoanza shahada ya uzamili katika historia, nilichagua kusoma habari za karantini katika Bahari ya Hindi. Nilitarajia madaktari, manahodha na makaratasi ya serikali. Niliwapata, lakini katikati yao alikuwepo panya, na pembeni yake mara nyingi alisimama mtu anayeulizwa swali lile lile la babu.

Panya wa majahazini kwa kawaida ni panya mweusi, mwenye asili ya Bara Hindi. Ni mwembamba, ana mkia mrefu, na hupanda kamba kama vile ameumbwa kwa kazi hiyo. Wanaakiolojia wamepata mifupa yake Unguja Ukuu, mji wa kale kusini mwa Unguja uliokuwa na biashara ya ng'ambo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo pepo za kaskazi zilizotuletea shanga na vyombo vya udongo zilituletea na huyu. Chombo cha mbao kilimfaa: chini kuna ngama yenye giza, juu yake magunia ya nafaka, na kila ubao ulioachana na mwenzake ni mlango. Mabaharia walimchukia kwa sababu alikula shehena, akatafuna matanga na kuchafua maji ya kunywa. Walifuga paka, wakatega mitego, na maisha yakaendelea.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894 tauni ilizuka Hong Kong, na huko Alexandre Yersin akakitambua kijidudu kinachoisababisha. Mwaka 1896 ugonjwa ulifika Bombay, bandari ambayo majahazi na meli za pwani yetu ziliijua vizuri. Yersin mwenyewe alikuwa ameona panya wengi waliokufa katika mitaa yenye wagonjwa. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa hatua kali ziliwaangukia watu kuliko panya. India, askari waliingia majumbani kutafuta wagonjwa, wakawatoa watu kwa nguvu na kuharibu mali zao. Huko Pune hasira zilipanda hadi kamishna wa tauni, W. C. Rand, akapigwa risasi mwaka 1897. Katika Bahari ya Shamu, mahujaji waliotoka upande wa kusini walishushwa katika kituo cha karantini cha kisiwa cha Kamaran, na nguo zao zikapitishwa kwenye mitambo ya mvuke. Nairobi, tauni ilipoonekana katika soko la Wahindi mwaka 1902, amri ilitolewa soko lichomwe moto.

Moto huo ndio ulionisimamisha. Nilijaribu kuwaza nyumba za mbao na mabati zikiungua, wenye maduka wakiwa wamesimama barabarani na walichoweza kubeba, na panya wakikimbia kwa miguu yao wenyewe kwenda kutafuta makao mengine. Panya hasubiri nyumba imwangukie. Aliyeachwa na majivu ni mwenye duka.

Mtu aliyeonyesha kiungo kilichokosekana alikuwa daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond. Mwaka 1898, akiwa Karachi, alimweka panya mgonjwa mwenye viroboto karibu na panya mzima, wavu ukiwa katikati ili wasigusane. Panya mzima akaugua. Alipotumia panya wagonjwa wasio na viroboto, ugonjwa haukuvuka. Wenzake wengi hawakumwamini, na ilichukua miaka hadi tume ya utafiti iliyofanya kazi India kuanzia mwaka 1905 ilipothibitisha maneno yake.

Ugunduzi huo ulikuwa na maana nzito kwa mtu yeyote mwenye chombo. Panya akifa, mwili wake hupoa, na viroboto humwacha kutafuta damu yenye joto. Kumwekea sumu akafie nyuma ya mbao, kisha ukalala juu ya mbao hizo hizo, kunaweza kuwa hatari kuliko kumwacha hai. Kuua peke yake hakukutosha.

Hata hivyo, kuua ndiko kulikopendwa kwanza. Mkataba wa kimataifa wa afya uliotiwa saini Paris mwaka 1903 uliwatambua panya wa melini kuwa hatari, na bandari kubwa zikaanza kutumia mtambo wa Clayton. Mtambo huu ulichoma salfa na kusukuma moshi wake kwa mabomba hadi ndani ya ngama. Ulikuwa na faida ya kuua viroboto pia, lakini uliharibu baadhi ya bidhaa, na meli iliyojaa shehena ilikuwa na pembe ambazo moshi haukufika. Baadaye ikaja gesi ya sianidi, iliyoua upesi zaidi. Iliua pia watu waliorudi ndani kabla hewa haijasafishwa. Na meli ikishafukizwa, usiku huo huo ikifungwa gatini kwa kamba tupu, panya wa bandari hupanda na kuanza ukoo mpya.

Ndiyo maana nilifurahi nilipofika kwenye mkataba wa mwaka 1926. Huo uliamuru kila meli, isipokuwa zile za safari za pwani ndani ya nchi moja, ama ifukuziwe panya kila baada ya muda, ama itunzwe wakati wote kwa namna ambayo idadi yao itabaki ndogo kabisa. Vyeti vikawa viwili: kimoja cha meli iliyofukizwa, kingine cha meli iliyokaguliwa na kuonekana haina haja. Vyote vilidumu miezi sita. Utaratibu huo uliishi hadi Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo zilileta vyeti vipya vya usafi wa meli kwa ujumla.

Angalia lugha yake. Waliouandika hawakudai meli isiyo na panya hata mmoja. Walidai panya wachache, na wakakubali kwamba matunzo ya kila siku yanaweza kuchukua nafasi ya gesi. Miaka hiyo hiyo maofisa wa afya wa Marekani walikuwa wakihimiza meli zijengwe bila matundu: nafasi nyuma ya mbao zizibwe, mabomba yanapopita ukuta yazungushiwe bati, ghala la chakula lifungwe kwa wavu wa chuma. Kwenye kamba za gatini ziliwekwa sahani za bati, pana kiasi cha kumzuia panya asizunguke. Ngazi zilipandishwa usiku. Ni kazi ndogo ndogo, zisizo na moshi wala maiti za kuhesabu, na kwa hiyo ni ngumu kuziandikia ripoti ya kujisifu. Lakini hizo ndizo zilizomnyima panya makao.

Niliyasoma haya yote kabla sijakanyaga jahazi. Mwaka jana nilikwenda bandari ya Malindi, Unguja, kuzungumza na nahodha mmoja mzee. Nilimwamkia, akaniitikia na kunikaribisha kwenye kivuli cha shetri. Kabla sijauliza lolote niliona kwenye kamba ya kufungia chupa mbili za plastiki za maji. Zilikuwa zimetobolewa, kamba imepita katikati.

"Hizo za nini, nahodha?"

"Panya, binti yangu. Akikanyaga, chupa inazunguka. Anaanguka majini."

"Umefundishwa na nani?"

Akacheka. "Na panya mwenyewe. Nimekaa usiku nikamtazama anapita wapi."

Akanionyesha mengine. Mabaki ya chakula hayalali chomboni. Shehena ikishuka, ngama hufagiliwa na kukaushwa kabla ya shehena nyingine kuingia. Gunia lenye tundu haliingii mpaka litikiswe, kwa sababu panya wengine hawapandi kwa kamba, hubebwa begani na mpagazi. Sumu haiweki: "Atafia ndani, nami nalala hapa." Hakuwa amesikia habari za Simond.

Nikamuuliza, panya akitoboa gunia, hasara ni ya nani siku hizi? Alinyamaza kidogo, akatazama baharini. "Inategemea tajiri," akasema.

Jioni hiyo nilimpigia bibi. Nilimweleza mkataba wa mwaka 1926, na jinsi wakubwa wa dunia walivyokaa wakakiri kwa maandishi kwamba panya hawaishi wote, hata kwenye meli yenye cheti.

"Kwa hiyo babu yako hakuwa amelala," akasema.

"Hakuwa amelala, bibi."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na gunia je, wameandika alipe nani?"

Nikamwambia hapana, hilo hawakuliandika.