Kura Tatu, Kura Moja: Rangi na Sifa za Mgombea Tanganyika, 1958 hadi 1965

Mpiga kura wa Tanganyika aliyeingia kituoni Septemba 1958 alikuwa na kazi ambayo leo ni vigumu kumweleza mjukuu akaelewa. Hakuruhusiwa kumchagua amtakaye akaenda zake. Alitakiwa achague watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiweka alama kwa Mwafrika peke yake na kuziacha nafasi mbili wazi, kura imeharibika, haihesabiwi. Serikali ya Mwingereza haikumwuliza kama rangi ya mgombea inamhusu. Ilimlazimisha imhusu, mara tatu kwa karatasi moja.

Watu waliuita mpango huo kura tatu. Chimbuko lake ni hesabu za Gavana Edward Twining. Tangu 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na wajumbe 30 wasio wa serikali, wakagawanywa sawasawa: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Nchi yenyewe ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia na Waarabu wapatao laki moja, na Wazungu kama 20,000. Mgawanyo huo ukaitwa usawa. Kwa hesabu ya vichwa, kiti cha Mzungu kilisimamia watu 2,000 na kiti cha Mwafrika kilisimamia laki nane. Twining aliiona hiyo kuwa njia ya katikati, na chama cha UTP kilipozaliwa 1956 kuihubiri njia hiyo, gavana alikiunga mkono.

Rangi ilifuatana na sifa. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe umefika darasa la nane, au uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au uwe na cheo kama uchifu. Paundi 150 ni shilingi 3,000. Mkulima wa mhogo wa Kisarawe hakuzigusa pesa hizo, wala mpishi wa nyumbani kwa bwana shauri. Bibi Titi Mohamed, ambaye jina lake peke yake lilitosha kuujaza uwanja, kwa kipimo cha elimu asingepita, maana shule aliisoma miaka michache tu. Aliweza kuwatoa maelfu ya wanawake majumbani kuja kukata kadi za TANU, lakini cheti cha darasa la nane hakuwa nacho.

Kuna sadfa moja ambayo sijaona ikitajwa sana. Agosti 1958, wiki chache kabla ya kura za kwanza, Nyerere alitiwa hatiani mahakamani Dar es Salaam kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowashutumu mabwana shauri wawili. Akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Serikali ilimtoza, shilingi kwa shilingi, kiasi kile kile ilichotaka raia wake achume kwa mwaka ndipo ahesabiwe mtu wa kupiga kura.

TANU ilikuwa na sababu zote za kususa. Mkutano Mkuu wa Tabora, Januari 1958, ulikaribia kufanya hivyo. Wajumbe wengi walifika wakiwa wamekwisha kuamua: kura tatu ni tusi, na tusi halipigiwi kura. Nyerere aliwashawishi waingie. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua kuhesabu: tukisusa, viti vyote vitakwenda UTP, nao ndio watakaokaa mezani na Mwingereza kuzungumza juu ya nchi yetu. Azimio hilo likabaki katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Si kila mtu aliiona busara hiyo. Zuberi Mtemvu, mmoja wa watendaji wa mwanzo wa TANU, alitoka na kuunda chama chake, African National Congress, ambacho hakikuwa na uhusiano na ANC ya Afrika Kusini. Msimamo wake ulikuwa mfupi, unaoelezeka juu ya kiti cha baiskeli: Afrika ni ya Waafrika. Kumpigia kura Mzungu na Mwasia, hata kwa kulazimishwa, kwake ilikuwa kuuza nchi. Waandishi wetu wa historia humpitia Mtemvu kwa sentensi mbili, kana kwamba alikuwa kituko. Hakuwa kituko. Alisema hadharani jambo ambalo wanachama wengi wa TANU walilisema barazani kwao, wakishusha sauti.

Yaliyotokea Septemba 1958, na tena Februari 1959 katika majimbo yaliyobaki, yaliwashangaza waliobuni mpango. Hata kwa vipimo vile vikali, Waafrika walioandikishwa walikuwa wengi wa kutosha kuamua matokeo. Na kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mzungu na Mwasia, swali likageuka kuwa ni Mzungu yupi na Mwasia yupi. Mzungu aliyetaka kiti alihitaji kura za Waafrika, na njia ya kuzifikia ilipita ofisi ya TANU. Jimbo la Kaskazini likawapeleka barazani Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, mkulima aliyewahi kuwa rubani wa vita, wote watatu kwa baraka za TANU. Amir Jamal, Mwasia, akaingia kwa njia hiyo hiyo. UTP ilikuwa na fedha na heshima ya ikulu. Wapiga kura haikuwa nao, ikafa.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, kwa maoni yangu. Sheria iliyotungwa ili kila mtu ajitazame kwa rangi yake iliwazoeza maelfu ya Waafrika kumpima Mzungu na Mwasia kwa swali la siasa: huyu yuko nasi au hayuko nasi? Twining hakulikusudia somo hilo. Sina hakika kama Nyerere naye alilitazamia lote.

Mambo yakaenda mbio. Agosti 1960 kura tatu ilikuwa imekwisha kufutwa, ingawa viti 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu vilitengwa bado. Kati ya viti 71, TANU ikachukua 70, na 58 kati ya hivyo havikuwa hata na mpinzani. Kiti kimoja kilichopotea, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, naye alikuwa mwana-TANU aliyegombea kivyake.

Lakini rangi haikuwa imeaga. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ulipofika barazani muswada wa uraia, baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikasirika kama alivyokasirika mara chache hadharani. Aliwalinganisha watu hao na wafuasi wa Hitler, akasema serikali yake itajiuzulu muswada ukianguka. Ukapita. Kura ya aina hiyo, ambayo mtu akiipinga anaiangusha serikali, haituambii wabunge walikuwa na nini moyoni.

Januari 1962 Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kukijenga chama upya. Mwaka huo nchi ikaamua kuwa jamhuri, na jamhuri ilihitaji rais. Tarehe 1 Novemba 1962 Watanganyika wakapiga kura ya kwanza ya urais katika historia yao. Wagombea walikuwa wawili: Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa ANC.

Novemba 2008, Rais Kibaki alipowapa Wakenya siku ya mapumziko kushangilia ushindi wa Barack Obama, vijiwe vya Dar es Salaam vilikuwa vimebishana kwa miezi juu ya swali moja: Mmarekani mweupe atampa kura mtu mweusi? Tulibishana kama watu waliokuwa wakitazama mpira wa timu za mbali. Sikumsikia hata mmoja aliyekumbuka kwamba swali la rangi lilishawekwa mbele ya mpiga kura wa urais hapa kwetu, Novemba nyingine, miaka 46 nyuma. Wagombea wote wawili wa 1962 walikuwa Waafrika, ni kweli. Tofauti yao kubwa ilikuwa nchi hii ni ya nani.

Nyerere alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276, yaani chini ya mbili katika kila mia.

Ni rahisi kuzisoma namba hizo na kutangaza kwamba Watanganyika waliukataa ubaguzi wa rangi kwa asilimia 98. Nimeisoma sentensi ya namna hiyo mara nyingi, na siiamini. Mtu wa Songea au Shinyanga aliyepanga foleni siku ile hakuwa na vitabu viwili vya sera mikononi akavilinganisha. TANU ilikuwa na tawi karibu kila alikokwenda. Ilikuwa na Umoja wa Wanawake, vijana na wazee, na ilikuwa na serikali. Mtemvu hakuwa na chochote cha namna hiyo. Huenda wapo waliokubaliana naye kwa kila neno, wakampa kura Nyerere.

Walichokuwa wakikipima ni sifa, lakini si zile za mwaka 1958. Kwa vyeti Nyerere hakuwa na mshindani: Makerere, kisha shahada ya Edinburgh aliyoimaliza 1952. Kilichomfanya apendwe kilikuwa ni kile alichokiacha. Mwaka 1955 alikuwa mwalimu wa Pugu mwenye mshahara wa uhakika, akaambiwa achague kati ya kufundisha na siasa, akaacha kazi. Watu wasiojua Edinburgh iko upande gani walilijua hilo. Neno Mwalimu, walilomwita hadi kufa kwake, lilikuwa na ukumbusho wa kazi aliyoitoa kwa ajili yao. Sifa ya namna hiyo haimo katika fomu yoyote ya uchaguzi, na Mtemvu, ambaye naye alikuwa ameitumikia harakati, hakuwa na kisa cha kuifikia.

Ushahidi kwamba rangi ilikuwa bado hai uko ndani ya TANU yenyewe. Siku Nyerere anachaguliwa kuwa rais wa watu wa rangi zote, chama chake kilikuwa hakijamruhusu Mwasia wala Mzungu kukata kadi. Bryceson na Jamal waliitumikia TANU miaka yote hiyo bila kuwa wanachama. Mlango ulifunguliwa Januari 1963. Maofisini nako wimbo ulikuwa naizesheni, kumtoa Mzungu kitini na kumweka Mwafrika. Mapema Januari 1964 Nyerere akatangaza kwamba upendeleo huo umekwisha, raia ni raia. Tarehe 20 mwezi huo huo askari wa kambi ya Colito wakaasi, na moja ya madai yao lilikuwa kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama rangi ilimwongoza mpiga kura wa Tanganyika asiishie 1962. Aende 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Kwa upande wa urais kulikuwa na jina moja, na swali la ndiyo au hapana. Upande wa ubunge ndio uliokuwa na ushindani wa kweli: kila penye wagombea wawili wote walikuwa wa TANU, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na kampeni ikaendeshwa kwa Kiswahili. Ilikatazwa kutaja rangi, kabila au dini jukwaani. Viti vya kutengwa vilikuwa vimekwisha. Hapakuwa na chama pinzani cha kuogopwa, hivyo mwananchi angeweza kumkataa Mzungu au Mwasia na bado akabaki mwana-TANU mwema. Hiyo ndiyo mizani niliyoitafuta, na 1962 haikuwa nayo.

Dar es Salaam, Derek Bryceson alisimama dhidi ya Mwafrika, akashinda. Morogoro, Amir Jamal naye akashinda. Mwanza, Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mwasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba, Mwafrika aliyekuwa kwao na mwenye kila sifa iliyoweza kuandikwa kwenye karatasi, akashindwa.

Baada ya uchaguzi huo Wizara ya Fedha alipewa Amir Jamal.